Asali Bila Shoka

Mazungumzo ya Jumapili jioni
Masomo: Kumbukumbu la Torati 20:19-20, 1 Samweli 14:24-30, Mithali 25:16

Wewe uliyepewa karatasi hii mlangoni mwa kanisa, tafadhali usiifungie karanga kabla hujaisoma yote. Katikati yake kuna neno moja juu ya watoto wachanga, na hilo ni neno la kufa na kupona.

Leo tunazungumza juu ya nyuki.

Nenda sokoni uombe asali. Mama muuzaji atakufungulia bidoni, na ndani utaona kitu cheusi chenye harufu ya moshi. Juu yake kunaelea majivu, vipande vya nta, pengine na mguu wa nyuki. Tumeshazoea, hata wengine wanasema ndiyo alama ya asali ya kweli, asali ya porini. Ndugu zangu, majivu si alama ya ukweli. Majivu yanatuambia jinsi asali ile ilivyopatikana.

Ilipatikana hivi. Mtu ametembea porini, upande wa milima ya Kundelungu, akaona nyuki wanaingia na kutoka katika tundu la mutondo mkubwa. Akautia shoka. Mti ulipoanguka akafunga majani makavu, akayawasha, akayasukuma ndani ya tundu. Nyuki wameungua kwa maelfu, malkia wao pamoja nao. Watoto wa nyuki waliokuwa bado katika masega wamekamuliwa pamoja na asali, ndiyo maana asali ile inachacha upesi na kutoa povu. Yule mtu amerudi nyumbani na ndoo moja. Na kama ulikuwa mwezi wa nane, majani yakiwa makavu, moto aliouacha nyuma umeendelea kutembea peke yake mpaka shamba la muhogo la mtu mwingine.

Sisemi hivi ili kumhukumu. Ana watoto, shule inadai pesa, na ziwa nalo, wavuvi wanatuambia kila siku, halitoi tena kama lilivyowatolea baba zao. Anatafuta. Lakini tuhesabu pamoja naye. Leo amepata ndoo moja. Mwakani katika mti ule atapata nini? Hakuna mti, hakuna nyuki. Itabidi atembee mbali zaidi. Kama mti ule ungebaki, na nyuki wale wangekuwa katika mzinga wake, akachukua nusu ndoo tu kwa mwaka, katika miaka 10 angekuwa na ndoo 5, na nyuki bado wapo. Hiyo si hesabu ya wasomi, ni hesabu ya mtu mwenye kuku anayejua kwamba kuku wa mayai hachinjwi.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 20, Waisraeli wanapewa sheria ya vita. Wanaruhusiwa kuuzunguka mji wa adui kwa siku nyingi, lakini miti inayozaa chakula hawaruhusiwi kuitia shoka, kwa kuwa wao wenyewe watakula matunda yake. Ona jambo hili: hata katika vita, hata mti wa adui. Basi mutondo na muputu wetu, tusio na vita nao, una kosa gani? Mtu ataniambia kwamba mutondo hauzai chakula. Unazaa. Maua yake ndiyo chakula cha nyuki, na asali ndiyo maua hayo yakiwa yamepita tumboni mwa nyuki.

Pori letu hili linaitwa miombo, na watu wa nje wanalijua kwa jina hilo hilo. Kuanzia Angola, kupita Katanga na Zambia, mpaka Tabora kule Tanzania, ni pori moja, na kote huko watu wanakula asali yake. Katika karne ya 19 Wachokwe walikuwa wakikusanya nta na kuipeleka mpaka pwani ya Angola, pamoja na pembe za tembo, na wazungu waliinunua. Sisi leo nta tunaitupa. Nitarudi hapo.

Kuna wanaosema, mimi sikati mti, mimi nafuga kwa mzinga wa gome kama babu zangu. Nawaheshimu, maana kazi ile inataka ufundi. Lakini tuseme wazi. Ili upate mzinga wa gome unauvua mti mkubwa ulionyooka ngozi yake yote kuzunguka, na mti uliovuliwa hivyo unakufa. Na mara nyingi ni miti ya aina ile ile inayowalisha nyuki kwa maua yake. Zamani watu walikuwa wachache na pori lilikuwa kubwa, hasara haikuonekana. Leo kuna makala. Waliokwenda Lubumbashi kwa njia ya Kasenga wameona kwa macho yao: kadiri unavyokaribia mji, miti mikubwa inapungua na magunia ya makala kando ya barabara yanaongezeka. Mti wa miombo haukui kama mhindi. Uliokatwa leo, mjukuu wako ndiye atakayeuona ukiwa mkubwa tena, kama moto wa kila mwaka utauachia nafasi.

Kwa hiyo mzinga utoke wapi? Kama mti umeshaanguka wenyewe, au umekatwa kwa ajili ya shamba, chukua gogo lake, lipasue, litoboe ndani, lifunge tena. Chungu kikubwa kilichovunjika mdomo kinafaa. Kikapu kirefu kilichopakwa udongo na kinyesi cha ng'ombe kinafaa. Nyuki hana kiburi cha nyumba. Anataka giza, mahali pakavu, na mlango mdogo anaoweza kuulinda.

Na mwenye mbao kidogo na fundi wa karibu atengeneze sanduku la fito za juu. Mzinga huu ulitengenezwa na kuenezwa Kenya katika miaka ya 1970, kwa ajili ya nyuki wetu hawa wa Afrika. Ni sanduku lenye pande mbili zilizolala, pana juu na jembamba chini, kama hori la kulishia wanyama. Juu yake zinapangwa fito bapa za mbao, moja ikigusana na nyingine, kisha bati au nyasi za kuzuia mvua. Nyuki wanajenga sega moja chini ya kila ufito. Siri yote iko katika upana wa ufito: milimita 32. Mwambie fundi achukue rula, asipime kwa jicho. Ukiwa mpana au mwembamba kuliko hapo, nyuki wataunganisha masega mawili matatu, na siku ya kuvuna utavunja kila kitu. Ukiwa sawa, unainua ufito mmoja, unaangalia, unaurudisha, na nyumba haijabomoka.

Niseme kidogo hapa, kwa kuwa wengine wanadhani mambo ya nyuki si mambo ya kanisa. Mtu aliyefundisha ulimwengu kwamba nyuki madume wanatoka katika mayai yasiyo na baba alikuwa padri, jina lake Jan Dzierzon, wa Silesia, nchi ambayo leo iko Poland. Aliandika hivyo mwaka 1845, na wakubwa wengi wa elimu walimpinga kwa miaka. Na mwaka 1851 mchungaji mmoja wa Marekani, Lorenzo Langstroth, alitambua kwamba nyuki wakiachiwa nafasi ndogo, isiyofikia sentimita moja, hawaizibi kwa nta wala kwa gundi, wanaiacha iwe njia yao. Kwa jambo hilo dogo mizinga ya kisasa karibu yote ya dunia ikatengenezwa. Watumishi wawili, mmoja Mkatoliki na mmoja Mprotestanti, na nyuki hawakuwauliza.

Sasa kuvuna. Sikilizeni vizuri, vijana hasa.

Usiende mchana wa jua kali. Nenda jioni, jua likizama. Usiende peke yako. Moshi unaotakiwa ni moshi wa baridi, wa kinyesi kikavu cha ng'ombe au gome lililooza, usio na ndimi za moto. Kopo lenye matundu linatosha. Moshi unawafanya nyuki wakimbilie kula asali, na nyuki aliyeshiba ni mpole kidogo. Vaa nguo nene, funga miguu ya suruali na mikono ya shati kwa kamba, na usoni weka kitambaa cha wavu. Lakini si chandarua cha mtoto! Kwanza mtoto atalala na mbu. Pili, chandarua kile kimetiwa dawa ya kuua wadudu, na nyuki ni mdudu. Kipande cha pazia jepesi kitafanya kazi vizuri zaidi.

Katika mzinga, masega ya katikati karibu na mlango ndiyo chumba cha malkia. Humo mna mayai na watoto, na mna chavua ya rangi nyingi ambayo ni unga wao wa kulea watoto. Usiguse humo. Asali iko pembeni. Angalia sega: kama vijumba vimefunikwa kwa kifuniko cheupe cha nta, asali imeiva. Kama viko wazi, bado ina maji mengi, itachacha. Chukua yale yaliyofunikwa, na mawili matatu uwaachie wenye nyumba. Najua katika vijiji vingi watoto wa nyuki wanaliwa, na ni chakula kweli, kina mafuta. Lakini kila kipande cha watoto unachokula ni wafanyakazi ambao wiki tatu baadaye wangekuletea asali. Na nyuki wetu wana tabia yao: wakiharibiwa nyumba sana, wanahama wote kwa siku moja, nawe unabaki na sanduku tupu.

Yonathani, mwana wa Sauli, alipopita katika pori lenye asali hakubeba shoka. Alichovya ncha ya fimbo yake, akala, macho yake yakapata nuru, akaendelea na kazi. Na Mithali inatuonya tule kiasi kinachotosha, tusije tukashiba mpaka kutapika. Anayebeba mzinga wote mara moja hajasoma mahali hapo.

Nyuki wetu ni wakali, tusidanganyane. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika Kusini na wa Tanganyika walipelekwa Brazili, na mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka katika mizinga. Kufikia 1990 wajukuu wao walikuwa wamevuka mpaka wa Marekani, na watu kule wakawaogopa kama simba. Ni ndugu za hawa wetu. Kwa hiyo mzinga usitundikwe karibu na shule, kisima, njia ya watu wala mahali unapofunga mbuzi. Ukichomwa, kwangua mwiba upesi kwa ukucha, usimponde nyuki juu ya ngozi, maana harufu yake inawaita wengine. Wakikufuata, kimbia ndani ya nyumba ufunge mlango. Kuruka ziwani hakusaidii, watakusubiri juu ya maji. Na mtu akichomwa, hata mara moja tu, akaanza kuvimba midomo na kupumua kwa shida, msimpake chochote, mbebeni hospitali saa ile ile.

Tukifika nyumbani na masega, tunayakata, tunayaweka juu ya kitambaa safi, tunaiacha asali ishuke yenyewe. Usiichemshe. Chombo kiwe kikavu kabisa, kiwe na kifuniko, na kisiwe bidoni iliyowahi kubeba mafuta ya petroli, hata uioshe mara saba. Asali ikiganda kama mafuta ya nguruwe, mnunuzi asikwambie umetia sukari. Asali nyingi nzuri huganda. Iweke chombo chake katika maji ya moto kidogo, italegea. Wapo wanaotia sukari kweli, na watu wanajidai kuwakamata kwa kiberiti au kwa kuangalia kama chungu wanaikimbia. Majaribio hayo hayathibitishi kitu. Njia iliyo bora ni kumjua anayekuuzia, na kuona masega yake.

Sasa neno nililoahidi. Mama, bibi, dada unayelea: asali isiguse ulimi wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Hata tone. Hata kwa kikohozi, hata siku ya kuzaliwa kwa ajili ya baraka. Najua mabibi wetu walifanya hivyo kwa upendo, na watoto wengi walipita salama. Lakini ndani ya asali, hata iliyo safi kabisa, panaweza kuwa na mbegu ndogo za kijidudu ambazo macho hayazioni. Kwako wewe mtu mzima hazina nguvu. Katika tumbo la mtoto mchanga zinaota na kutoa sumu inayolegeza mwili. Mtoto anakosa choo, ananyonya kwa unyonge, kilio kinakuwa chembamba, shingo inalegea, mwishoni kifua kinashindwa kuvuta hewa. Kuchemsha asali hakuziui. Ukiona dalili hizo, nenda hospitali na umwambie munganga waziwazi kama mtoto alilambishwa asali, usione haya. Baada ya mwaka mmoja, hapo sawa, kijiko kidogo usiku kinatuliza kikohozi.

Na kwa watu wazima? Asali safi juu ya kidonda au mahali palipoungua inasaidia, hospitali nyingine zinaitumia, lakini kidonda kioshwe kwanza, na kikiwa kirefu au kinanuka kipelekwe kwa munganga. Malaria haiponi kwa asali. Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganywe kwamba asali ni sukari isiyodhuru. Ile gundi nyeusi ambayo nyuki wanazibia nyufa, inayoitwa propolisi, inauzwa mijini kama dawa ya kila kitu, na wengine ngozi zao zinaikataa na kutoka vipele. Maziwa ya malkia ni kidogo mno kwetu kuyatafuta. Tuyaache.

Nta ndiyo ninayotaka kuilalamikia. Masega yakishakamuliwa watu wanayatafuna na kuyatema, au wanayatupa nyuma ya nyumba. Nyuki amekula kilo kadhaa za asali ili atoe kilo moja ya nta, nawe unaitema! Fanya hivi: osha masega, yatie katika mfuko wa kitambaa, ufunge, uzamishe katika sufuria ya maji, uweke jiwe juu yake ili usielee, upashe moto polepole. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 64 hivi, kabla maji hayajachemka, inapenya kitambaa na kupanda juu. Acha ipoe usiku kucha. Asubuhi unanyanyua kipande kigumu cha njano. Usiyeyushe nta peke yake juu ya moto bila maji, inawaka kama petroli na itachoma jiko. Tena sufuria hiyo iwe ya nta tu, haitatoka humo kwa sabuni yoyote.

Kipande hicho fundi viatu anakihitaji kwa uzi wake, na seremala kwa kung'arisha meza. Ukikichanganya na mafuta ya mawese au ya karanga unapata mafuta ya kupaka miguu iliyopasuka. Na mishumaa: ndugu zetu Wakatoliki, usiku wa Pasaka, katika wimbo wa kuusifu mshumaa ule mkubwa, wanataja kazi ya nyuki mbele ya kanisa zima. Nta haiozi. Asali ikikosa lori la kwenda Lubumbashi wakati wa mvua, barabara ikiwa matope, unaihofia. Nta inakaa pembeni ya nyumba, inakungojea.

Hii ni mwezi wa sita, majira ya asali ya mutondo yanakwisha. Miombo itaangusha majani, na kabla ya mvua itavaa majani mekundu na maua, na nyuki watagawanyika na kutafuta nyumba. Kwa hiyo una mwezi huu na ujao wa kutengeneza mzinga. Mwezi wa nane uwe umeshatundikwa, urefu wa kifua au juu zaidi, mlango ukipa mgongo upepo, waya wa kuning'inizia ukipakwa grisi ili siafu wasipite. Ndani paka nta kidogo, harufu yake itawaita. Lima duara safi chini ya mti, hatua tano kila upande, kwa sababu ya moto. Ukitundika mizinga 10 usitegemee yote ijae mwaka wa kwanza, hata ikijaa 4 ni vizuri. Jumapili ijayo, baada ya ibada, wenye mbao na rula wabaki uwanjani. Misumari tutachangia.